Baba amelazwa, damu imeshuka, na ndugu wanasema ni uzee tu

SWALI

Shikamoo Daktari,

Mimi ni binti wa miaka 44, ninafanya biashara ndogo ya mazao katika mkoa wa Tanga. Ninamuuguza baba yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 77, ambaye leo anatimiza siku ya tisa akiwa amelazwa hospitalini. Alipokelewa kwa nimonia: homa kali, kikohozi na pumzi za kubana. Vipimo vya siku ya kwanza vilionyesha pia kwamba kiwango chake cha damu ni 8.1, na kipimo cha juzi kimesoma 7.6. Nimonia yenyewe inaelekea kupona, kwani homa iliisha siku ya tano na mpira wa oksijeni ameshaondolewa, lakini baba hajarudi kuwa yule tuliyemleta. Hawezi kutoka kitandani hadi chooni bila kushikwa mkono, ilhali mwezi uliopita alikuwa akienda shambani na kurudi kwa miguu yake. Usiku wa tatu aliamka, akaniita kwa jina la shangazi yangu aliyefariki zamani, akataka kushuka kitandani akafungue mbuzi. Jambo hilo liliniogopesha kuliko homa.

Sasa ndugu tumegawanyika. Kaka yangu mkubwa, ambaye yuko Dar es Salaam, anapiga simu kila siku akitaka baba aongezewe chupa tatu za damu, na amesema yuko tayari kulipa kiasi chochote. Madaktari wamekataa, wakisema kwa sasa hahitaji, na kaka anaamini wanampuuza kwa sababu ni mzee. Shangazi yetu mkubwa, ambaye kauli yake nyumbani haipingwi kwa urahisi, anasema hakuna ugonjwa hapo, damu ya mzee hupungua kama nywele zinavyopungua, na tumrudishe nyumbani apumzike. Mdogo wangu yeye huleta kila jioni chupa ya juisi ya rozela, na siku nyingine soda nyeusi iliyokorogwa na nyanya ya kopo, kwa sababu majirani wamemwambia hiyo hupandisha damu haraka.

Ili usikose jambo, naongeza kwamba baba ana kisukari kwa miaka 11 na anatumia metformin. Hulalamika kwamba nyayo zinamwaka moto usiku, nasi tumezoea kusema ni sukari. Magoti yanamuuma tangu zamani, na kwa hayo hujinunulia mwenyewe vidonge vya diklofenaki katika duka la dawa. Huviweka pamoja na vidonge vingine nisivyovijua ndani ya kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda chake. Hapendi viatu akiwa shambani. Chai yake ni ya rangi, nzito, asubuhi, mchana na jioni pamoja na chakula. Wiki hizi mbili nimeona viganja vyake vimepauka kama vya mtu aliyekaa majini muda mrefu.

Tumeambiwa huenda akaruhusiwa siku ya Ijumaa. Je, ni kweli kwamba huu ni uzee? Je, wanaponyima damu wanamtendea haki? Na nikimpeleka nyumbani akiwa katika hali hii, nifanye nini asirudi hapa baada ya wiki mbili, au asiporudi kabisa?

Binti anayeuguza, Tanga


JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nitaanza na lile ninalotaka ulishike hata kama mengine yote yatakuponyoka: upungufu wa damu kwa mzee hausababishwi na umri wenyewe. Una sababu, mara nyingine sababu mbili au tatu kwa pamoja, na swali ambalo familia yenu haijaliuliza bado, katikati ya mabishano ya chupa za damu na juisi, ni hili: damu ya baba imepungua kwa sababu gani?

Namba uliyopewa hupima hemoglobini, ile protini nyekundu ndani ya chembe za damu inayobeba oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwilini, na huhesabiwa kwa gramu katika desilita moja ya damu. Tangu mwaka 1968 Shirika la Afya Duniani limetumia kipimo cha gramu 13 kwa mwanamume mzima na 12 kwa mwanamke asiye mjamzito. Chini ya hapo ni upungufu, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mwanamume akifika miaka 70 kipimo chake kishushwe. Baba yako yuko kwenye 7.6, yaani ana kiasi kinachozidi kidogo tu nusu ya kile anachopaswa kuwa nacho. Mtu aliyetoka kwenye nimonia, ambaye mapafu yake bado yanajikongoja, anauhitaji uwezo huo wa kubeba oksijeni kuliko wakati mwingine wowote, na hapo ndipo unapoona mguu unashindwa kufika chooni.

Shangazi yenu hajatunga alilolisema, na nakuomba usimvunjie heshima katika hili, kwa kuwa amelisema kutokana na alichokiona kwa miaka mingi. Upungufu wa damu kwa wazee ni wa kawaida kweli. Katika uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa Marekani, takriban watu 10 katika kila 100 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea walikutwa nao, na kwa waliovuka miaka 85 ni zaidi ya 20 katika kila 100. Ukiingia katika wodi za wazee waliolazwa, tafiti nyingi zimekuta karibu nusu yao. Ila jambo kuwa la kawaida hakulifanyi kuwa salama, wala hakulifanyi kuwa halina chanzo. Katika uchunguzi huohuo wa Marekani, theluthi moja ya wazee wenye tatizo hili walikuwa na upungufu wa madini ya chuma, vitamini B12 au foliki asidi, mambo ambayo yanatibika kwa dawa za bei nafuu. Theluthi nyingine walikuwa na ugonjwa wa figo au maradhi ya muda mrefu yanayouchosha mwili. Na theluthi ya mwisho sababu haikujulikana kwa vipimo vilivyokuwapo. Mzee asiyepimwa huhesabiwa na watu kuwa katika kundi hilo la mwisho, hata kama yumo katika la kwanza.

Hofu yako kwamba atarudi wodini, au kwamba hatafika huko, ina msingi, na sitakuficha. Wazee wanaolazwa wakiwa na upungufu wa damu hukaa hospitalini muda mrefu zaidi kuliko wenzao, hurudi wodini mara nyingi zaidi, huanguka zaidi, na wengi zaidi kati yao hufariki katika miezi inayofuata. Wapo pia ambao huponywa ule ugonjwa uliowaleta, lakini wakitoka hawawezi tena kujiogesha au kuvaa nguo wenyewe, na hasara hiyo haionekani katika karatasi ya kuruhusiwa. Hata hivyo elewa vizuri maana ya matokeo hayo. Hayasemi kwamba upungufu wa damu peke yake ndio unaofanya yote hayo, kwa sababu mara nyingi ugonjwa uleule unaopunguza damu ndio unaomdhoofisha mgonjwa kwa njia nyingine pia: figo zinazochoka, saratani iliyojificha tumboni, maambukizi ya muda mrefu. Kwa hiyo kuipandisha namba bila kukitafuta chanzo ni kuacha kazi nusu.

Sasa tuje kwa baba yako mwenyewe, maana katika barua umeniandikia mambo ambayo nina wasiwasi kwamba hayamo katika faili lake.

La kwanza ni lile kopo la maziwa ya unga. Diklofenaki na dawa za jamii yake hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, lakini kemikali hizohizo ndizo zinazoulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Mtu akizimeza kwa miezi na miaka, ukuta huo huchubuka na kuvuja damu, na kwa wazee jambo hilo hutokea mara nyingi bila maumivu yoyote ya tumbo. Nikueleze kwa kipimo unachokishika kila siku. Kijiko kimoja cha chai kina mililita 5. Mililita 5 za damu yenye afya zina takriban miligramu 2.5 za madini ya chuma, ilhali utumbo wa mtu mzima kwa kawaida hunyonya miligramu 1 hadi 2 tu kutoka katika chakula cha siku nzima. Mzee anayevuja kijiko kimoja cha chai kila siku anatoa zaidi ya anachoingiza, akiba yake inakwisha polepole, na katika choo chake hutaona chochote, kwa sababu kiasi hicho ni kidogo mno kubadilisha rangi. Kinachobadilika ni viganja, kama ulivyoviona wewe.

La pili ni miguu mitupu shambani. Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno la ugonjwa huu kabla hospitali hazijafika: safura. Walimwita hivyo mtu aliyepauka, aliyevimba miguu, anayehema akipanda kilima kidogo, na minyoo inayosababisha hali hiyo inaitwa minyoo ya safura mpaka leo. Huingia mwilini kwa kutoboa ngozi ya mguu iliyokanyaga udongo wenye viluwiluwi vyake, kisha hujishikiza katika ukuta wa utumbo na kunyonya damu. Hutambulika kwa kipimo cha choo na hutibiwa kwa albendazole, dawa isiyo na gharama kubwa. Ninasikitika kila ninapoona mzee mkulima anapimwa mambo makubwa, na kipimo cha choo hakijaagizwa.

La tatu ni metformin pamoja na nyayo zinazowaka moto. Metformin ni dawa nzuri na baba asiiache kwa sababu ya barua hii, lakini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza unyonywaji wa vitamini B12. Vitamini hiyo inahitajika katika kutengeneza chembe nyekundu na pia katika kutunza mishipa ya fahamu, hivyo upungufu wake huleta damu kidogo na ganzi au moto wa miguu kwa wakati mmoja. Ni kweli kwamba kisukari nacho huleta moto huohuo, na ndiyo sababu hakuna anayeshtuka. Basi mwombeni daktari afikirie B12. Na hapa kuna tahadhari: mgonjwa mwenye upungufu wa B12 akipewa foliki asidi peke yake, damu inaweza kupanda huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika, kwa hiyo vidonge vya kuongeza damu visinunuliwe dukani kwa kukisia.

Nne, figo. Figo ndizo zinazotoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze damu, na baba yako ana mambo mawili yanayoziumiza, yaani kisukari cha miaka 11 na diklofenaki. Bila shaka kipimo cha figo kimeshafanyika. Muulize daktari majibu yake.

Kisha kuna nimonia yenyewe. Mwili unapopambana na maambukizi, ini hutoa homoni iitwayo hepsidini, ambayo kazi yake ni kufunga mlango wa ghala la madini ya chuma ili vijidudu visiyapate. Ghala linaweza kuwa na akiba, lakini uboho haufikiwi na kitu. Hii ndiyo sababu mojawapo ya damu kushuka mgonjwa akiwa wodini, na ndiyo sababu vidonge vya madini ya chuma vinavyoanzishwa katikati ya homa mara nyingi havifanyi kazi inayotarajiwa. Maambukizi hayo hufanya pia kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya madini ya chuma, kisome juu kuliko ukweli, hivyo jibu la kawaida wakati wa maambukizi halitoshi kusema kwamba akiba ipo. Ongeza na zile chupa ndogo za damu zinazochukuliwa kila asubuhi kwa ajili ya vipimo. Kila moja ni kidogo, lakini kwa siku tisa, kwa mzee ambaye uboho wake umefungiwa ghala, zinajumlishana. Usikatae vipimo, ila unaweza kuuliza kwa adabu kama vipimo viwili vinaweza kufanywa kwa damu iliyochukuliwa mara moja.

Kuhusu kaka yako, ninauelewa uchungu wake, kwa sababu aliye mbali na mgonjwa hutafuta jambo kubwa la kufanya. Mwambie kwamba madaktari waliosubiri hawakumpuuza baba kwa uzee wake, na kwamba uamuzi wao unalingana na ushahidi. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani na Canada kwa wagonjwa 2,016 waliofanyiwa upasuaji wa nyonga, wengi wao wakiwa na umri wa miaka zaidi ya 80, wote wakiwa na ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata. Nusu yao waliongezewa damu kila ilipopungua chini ya 10. Nusu nyingine walisubiriwa mpaka ishuke chini ya 8 au waonyeshe dalili. Baada ya siku 60, idadi ya waliofariki au walioshindwa kutembea bila msaada ilikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili, takriban 35 katika kila 100. Kwa mgonjwa aliyelazwa ambaye hali yake imetulia na hana ugonjwa wa moyo, miongozo mingi leo husubiri mpaka kiwango kishuke chini ya 7, na kwa mwenye ugonjwa wa moyo 8.

Lakini usiichukue 7.6 kama namba ya kulala nayo usingizi. Kama baba aliwahi kuambiwa ana tatizo la moyo, au kama anapata maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio akiwa amekaa, au kuishiwa pumzi upya, sema sasa hivi, kwa sababu hapo hesabu inabadilika. Kwa waliopata shambulio la moyo hasa, utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2023 haukutoa jibu la mkato, lakini ulielemea upande wa kutowabania damu. Na namba iliyoshuka kutoka 8.1 hadi 7.6 inastahili kurudiwa kabla ya Ijumaa, tuone kama imetulia au bado inateremka.

Ikiwa itaamuliwa aongezewe, itakuwa chupa moja, kwa mwendo wa polepole, kisha atapimwa tena. Chupa moja hupandisha kiwango kwa takriban gramu 1. Chupa tatu kwa pamoja kwa mzee wa miaka 77 zinaweza kuuelemea moyo, maji yakajaa mapafuni, na tukampoteza kwa kitu tulichokileta kwa mapenzi. Tena damu haiuzwi. Fedha ya kaka yako haiwezi kuinunua kihalali, na yeyote atakayempigia simu akitaja bei ni tapeli au mhalifu. Kama anataka kufanya jambo la maana, na afya yake ni njema, aende kuchangia katika kituo cha Mpango wa Taifa wa Damu Salama huko aliko. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi mitatu, na chupa yake itamfaa mtu ambaye hana muda wa kusubiri.

Kwa mdogo wako nitakuwa mkali kidogo, ingawa najua anafanya kwa upendo. Ile soda yenye nyanya ya kopo ikome leo. Haina chochote cha kutengenezea damu cha kuhesabika, na kwa mgonjwa wa kisukari anayepona maambukizi ni sukari tupu. Rozela si sumu, lakini rangi nyekundu ya juisi haigeuki kuwa damu, na ikitiwa sukari ni hasara ileile. Nguvu hiyo aielekeze kwenye chakula: maini kidogo, nyama iliyopikwa ikalainika, dagaa, samaki, mayai. Mchicha, matembele na kisamvu ni vyakula vizuri, ila madini ya chuma yaliyomo hunyonywa kwa shida, kwa hiyo viandamane na kipande cha limau au chungwa. Na chai, mwanangu, isinywewe pamoja na chakula. Chai nzito ya rangi huyashika madini hayo tumboni yasinyonywe. Anywe saa moja au mbili baada ya kula. Mzee aliyeizoea chai yake miaka sitini hatafurahi, lakini hatumnyang'anyi, tunamsogezea muda tu.

Kuhusu usiku ule wa mbuzi, kuweweseka kwa namna hiyo humpata mzee aliye katika maambukizi, hewa kidogo, kitanda kigeni na usingizi wa mang'amung'amu, na upungufu wa damu huongeza uzito juu ya yote hayo. Si wazimu na si lazima iwe mwanzo wa kusahau kwa uzee, ingawa mweleze daktari ili likae katika kumbukumbu. Kinachomsaidia ni vitu vidogo: miwani yake iwepo, dirisha liachwe wazi mchana, akae kwenye kiti wakati wa kula badala ya kulishwa akiwa amelala, na akilala usiku awe karibu na sauti anayoijua. Muinue mara mbili au tatu kwa siku, akae ukingoni mwa kitanda dakika chache kwanza kichwa kitulie, halafu hatua tano, kesho kumi, ukiwa umemshika. Misuli ya mzee aliyelala kitandani siku tisa huisha upesi, na hiyo nayo ni sehemu ya sababu ya kushindwa kufika chooni.

Ijumaa ikifika, msitoke kabla ya kupata majibu ya mambo haya kutoka kwa daktari anayemwona: chembe zake nyekundu katika kipimo cha picha kamili ya damu ni ndogo au kubwa kuliko kawaida, kwa kuwa ndogo huelekeza kwenye madini ya chuma na kubwa kwenye B12 au foliki asidi, figo zikoje, choo kimepimwa minyoo na damu isiyoonekana kwa macho, na kama inadhaniwa anavuja damu tumboni, lini atapimwa kwa endoskopi, yaani ule mpira mwembamba wenye kamera. Endoskopi hupatikana katika hospitali za rufaa na inaweza kudai safari, nami ningeifanya safari hiyo. Mwanamume wa umri wake aliyeishiwa madini ya chuma ni lazima achunguzwe tumbo na utumbo mpana, kwa kuwa saratani za huko hujitangaza hivyohivyo, kwa ukimya, na ikiwahiwa tofauti ni kubwa sana. Muulize pia tarehe ya kurudia kipimo cha damu, iandikwe kwenye kadi. Wiki mbili hadi nne ni muda wa kufaa.

Akipewa vidonge vya madini ya chuma, msishangae vikiwa kimoja kwa siku au hata kimoja kila baada ya siku moja. Zamani tuliviandika mara tatu kwa siku, na wazee waliviacha kwa sababu ya kufunga choo na kichefuchefu. Utafiti uliofanywa Israel kwa wagonjwa wenye umri wa zaidi ya miaka 80 ulionyesha kwamba dozi ya miligramu 15 kwa siku ilipandisha damu sawa na ya miligramu 150, kwa madhara machache zaidi. Kama tatizo ni madini ya chuma na dawa inafanya kazi, kiwango kinatarajiwa kupanda angalau gramu 1 ndani ya wiki mbili hadi nne, na vidonge huendelea kama miezi mitatu baada ya damu kurudi sawa, ili ghala lijazwe. Kisipopanda, si kosa la mzee. Ni ishara kwamba hatujakipata chanzo.

Vidonge hivyo hufanya choo kiwe cheusi, na hilo lisiwatishe. Kinachotakiwa kuwatisha ni choo cheusi kinachonata kama lami na chenye harufu kali isiyo ya kawaida, au kutapika damu au kitu mfano wa unga wa kahawa, au kuzimia, au kifua kubana. Likitokea mojawapo, msisubiri tarehe ya kliniki wala kumpigia simu kaka kwanza, tafuteni usafiri.

Magoti nayo yasisahaulike, kwa sababu maumivu ndiyo yaliyompeleka dukani, na yasipopatiwa jibu yatampeleka tena. Mwombeni daktari dawa mbadala. Parasetamo kwa kipimo sahihi huwafaa wengi, pamoja na fimbo nzuri na mazoezi ya mapaja. Viatu vya shambani vya mpira mnunulieni kabla hajatoka.

Na lile kopo, usilimwage wala usichague ndani yake. Lifunge kwa kifuniko chake jinsi lilivyo, ulibebe kesho asubuhi kabla madaktari hawajapita wodini, ulifungue juu ya meza ya muuguzi na uombe kila kidonge kilichomo kiandikwe katika faili la baba, hata vile visivyo na jina. Kisha umwambie daktari, kwa maneno yaleyale uliyoniandikia mimi, tangu lini amekuwa akivimeza.